Bustani ya Uani Si Uchafu wa Mji

Ndugu msomaji, ukisimama katika mteremko wa mlima Loleza mwezi wa Februari, ukautazama mji wa Mbeya ulio chini yako, utaona jambo ambalo haliandikwi katika ramani za mipango miji. Baina ya paa na paa kumejaa kijani. Ni mahindi, maharage, maboga, migomba miwili mitatu nyuma ya jiko, na vijibustani vya mboga vilivyozungushiwa wigo wa mabua ya mwaka uliopita. Nenda Iringa, ukae juu ya jiwe la Gangilonga majira hayo hayo ya mvua, nawe utaona vivyo hivyo kuelekea Kihesa, na bondeni kuelekea Ipogolo. Hiyo ndiyo sura ya miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Wakazi wake wengi walitoka vijijini, na jembe walikuja nalo.

Swali ninalotaka tulizungumze leo ni jepesi kulitamka lakini ni zito kulijibu. Je, mwananchi aliyepewa kiwanja cha kujenga nyumba ana haki ya kulima katika kiwanja hicho? Wapo wasemao kwamba mji ni mji na shamba ni shamba, na kwamba mahindi dirishani ni dalili ya mji usiostaarabika. Wapo wengine wasemao: mwacheni mtu ale. Mimi niko pamoja na hao wa pili, lakini si kwa sababu ile isemwayo kila siku, kwamba maisha yamekuwa magumu. Ninayo sababu nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo inahusu sahani ya mtoto mdogo. Tena ninalo sharti: nataka kilimo hicho kiruhusiwe kwa maandishi, kila mtu ajue mipaka yake, badala ya kufumbiwa macho kama tunavyofanya sasa.

HISTORIA YENYE NYUSO MBILI

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwezi Mei mwaka 1972 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Iringa, ikatoa tamko lililojulikana nchi nzima kwa jina la Siasa ni Kilimo. Kwa hiyo jina la Iringa limefungamana na kilimo katika historia ya Chama, wala si kwa bahati tu. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 ulipoilazimisha nchi kuagiza chakula kutoka ng'ambo, ukaja wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Makarani, walimu, askari na wanafunzi walishika jembe. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bei za vitu zilipanda, mishahara ikabaki pale pale, na mfanyakazi wa mjini akagundua kwamba kuku kumi uani na matuta manne ya mboga yalimsaidia kuufikia mwisho wa mwezi.

Lakini wakati Chama kikimhimiza mwananchi alime, sheria za mji zilikuwa na uso mwingine. Sheria ya kupanga miji tuliyoitumia miaka mingi ilitungwa mwaka 1956, zama za mkoloni, ambaye mji kwake ulikuwa mahali pa ofisi, maduka na makazi ya wakubwa, na mkulima alikuja humo kuuza na kuondoka. Miji mingi ya Tanzania ikawa na sheria ndogo zilizokataza kupanda mazao yanayozidi urefu wa mita moja. Sababu zilizotolewa aghalabu zilikuwa mbili: mahindi huficha wezi, na mahindi huzalisha mbu.

Mwaka 1992 Serikali ilitoa kanuni za kilimo cha mjini. Kanuni hizo zilikubali kwamba mtu aweza kulima na kufuga mjini, zikaweka mipaka: asitumie zaidi ya eka tatu, na ng'ombe wake wasizidi wanne, nao wafugwe ndani ya zizi bila kuzurura. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 nayo ilikitambua kilimo cha mjini. Mwaka 2007 ikatungwa Sheria mpya ya Mipango Miji, na ile ya mwaka 1956 ikawekwa kando. Maana yake, msomaji wangu, ni kwamba si kweli kusema kilimo mjini ni haramu tangu zamani. Serikali yetu imekwisha kukitazama na kukikubali. Kilichobaki ni kwamba kukubali huko hakujafika vizuri mtaani. Ukimuuliza mama mwenye bustani kama anaruhusiwa kulima, atakujibu: "Sijui, lakini hawajanifukuza."

SHERIA INAPOAMSHWA NA UGOMVI

Jibu hilo la mama lina hatari ndani yake, na nitaieleza kwa kisa ninachokijua vizuri.

Katika mji mmoja wa nyanda hizi, ambao jina lake nalihifadhi, mama yangu mzazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Pembeni mwa nyumba alipanda mahindi, na chini ya mahindi maboga na maharage, kama walivyofanya majirani karibu wote wa mtaa ule. Mwaka mmoja, nilipokuwa darasa la tano, alikosana na jirani aliyekuwa upande wa chini. Haikupita wiki wakaja vijana watatu wenye mapanga na karatasi. Wakakata mahindi ya mama, yaliyokuwa yameanza kutoa ndevu, wakaenda zao. Mahindi ya nyumba ya kulia hawakuyagusa. Ya nyumba ya kushoto hawakuyagusa. Urefu wake ulikuwa ule ule.

Mama hakulia mbele yetu. Alikusanya mabua akampelekea mzee mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa na ng'ombe wa maziwa, naye akarudi na debe tatu za samadi. Jioni ile tulikula majani ya maboga yaliyokanyagwa.

Baadaye shauri lilifika kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi alikuwa mtu mzima, mstaafu wa reli, mwenye sauti ya chini. Alisikiliza pande zote mbili, kisha akatoka nje pamoja nao, akazunguka nyumba, akachuchumaa penye mpaka. "Mwalimu," akamwambia mama, "maji ya mvua ya kwako yanapita wapi?" Mama akaonesha. Mfereji ulikuwa umezibwa na udongo ulioporomoka kutoka kwenye matuta, na maji yakawa yanaingia jikoni kwa jirani kila mvua ikinyesha. Balozi akamgeukia jirani. "Nawe ndugu yangu, shida yako ilikuwa maji. Mbona ulikwenda kushtaki mahindi?" Yule bwana akainama, akasema kwamba mahindi ndiyo yenye sheria.

Ndugu msomaji, nimelirudia neno hilo moyoni mwangu miaka mingi. Mahindi ndiyo yenye sheria. Kilichomuumiza yule bwana kilikuwa maji na tope, mambo ya haki kabisa kuyalalamikia. Lakini sheria aliyoijua haikutaja maji wala tope. Ilitaja urefu wa mmea. Basi akatumia alichokuwa nacho, akamwumiza jirani yake, na maji yakaendelea kuingia jikoni mpaka balozi alipochuchumaa pale mpakani. Matuta yakageuzwa, yakalazwa kukata mteremko badala ya kushuka nao, mfereji ukachimbwa, na ugomvi ukaisha.

Sheria inayolala mwaka mzima na kuamka siku ya ugomvi haimlindi mtu yeyote. Anayelima kwa kufumbiwa macho hawezi kupanga mambo yake. Hatapanda mti wa matunda, kwa kuwa hajui kama utakatwa. Hatachimba shimo la mboji, kwa kuwa litaonekana. Hatajenga banda zuri la kuku lenye sakafu inayosafishika, kwa kuwa banda la mabati mabovu ni rahisi kulibomoa akiambiwa abomoe. Uchafu tunaoulaumu kwa mkulima wa mjini, sehemu yake kubwa umetokana na mashaka hayo.

SAHANI YA MTOTO

Sasa nije kwenye sababu yangu kubwa.

Mwaka 1983 mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, ulianzishiwa mpango wa lishe uliopata sifa duniani. UNICEF na Shirika la Afya Duniani walisaidia, serikali ya Italia ikatoa fedha, na kazi ikaanza katika vijiji 168. Watoto wadogo walipimwa uzito mbele ya wanakijiji wenyewe. Kisha wazazi na viongozi wakakaa kujiuliza maswali: mtoto huyu amepungua kiasi gani, kwa nini amepungua, na kwa uwezo tulio nao tufanye nini. Idadi ya watoto wenye utapiamlo mkali ilipungua, na wageni wa nchi nyingi wakaja kujifunza jinsi wakulima wa Iringa walivyofanya.

Leo mkoa ule ule unatusikitisha kwa jambo jingine. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa Iringa wenye umri chini ya miaka mitano, karibu 57 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao. Hiyo ilikuwa hesabu ya juu kuliko mikoa yote ya Tanzania. Njombe ilikuwa nusu ya watoto. Kwa nchi nzima ilikuwa 30 kati ya 100. Tafakari jambo hili, msomaji. Mikoa inayopeleka mahindi nchi nzima, yenye viazi, maharage, maziwa na matunda, ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa.

Wataalamu wa lishe wanatuambia kwamba udumavu hauna sababu moja. Maradhi ya kuhara yamo, maji machafu yamo, uchovu wa mama mjamzito umo, ulevi wa wazazi umo. Lakini katika orodha hiyo limo pia jambo la sahani: mtoto hushiba, lakini hushiba kitu kimoja. Uji wa mahindi asubuhi, ugali mchana, ugali usiku. Siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto atimize miaka miwili, ndizo zinazoamua mengi, na siku hizo zinahitaji mboga za majani, maharage, yai, maziwa na tunda pamoja na ule ugali.

Hapo ndipo bustani ya uani inapopata heshima yake. Familia nyingi za Mbeya na Iringa zina mashamba ya mbali. Wapo wenye mpunga huko Usangu, wapo wenye mahindi Isimani au Kilolo. Mama huondoka alfajiri, hurudi magharibi, na mtoto wa mwaka mmoja hubaki na dada yake wa miaka tisa na sufuria ya uji. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Shamba la mbali hujaza ghala, lakini mboga iliyo hatua kumi kutoka jikoni ndiyo inayoingia katika uji wa mtoto Jumanne jioni wakati mama amechoka na mfukoni hamna kitu.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Toa nyumba, choo, njia, mahali pa kuanika nguo na pa watoto kuchezea. Tuseme zimebaki mita za mraba 100. Ukipanda mahindi tupu, na ukavuna kama mkulima hodari anayepata gunia 12 za kilo mia kwa eka, utapata kilo 30 hivi, kwa sababu eka moja ina vipande 40 vya ukubwa huo. Familia ya watu watano inayopika kilo mbili za unga kwa siku itayamaliza mahindi hayo katika nusu mwezi, baada ya kuyangoja miezi sita.

Sasa gawanya kipande hicho hicho. Matuta mawili ya mchicha, ambao huanza kuchumwa baada ya wiki nne hivi. Tuta la chainizi, tuta la figiri, tuta la karoti. Maharage, mathalani zile mbegu zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Uyole, kama Uyole 96 na Uyole Njano. Maboga pembeni, ambayo majani yake ni mboga na tunda lake ni chakula. Mnavu uachiwe penye kivuli. Papai moja mahali penye joto karibu na ukuta, na parachichi moja kwa ajili ya wajukuu. Maji ya kuoshea mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, hutosha kuyaweka hai matuta machache katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba. Mwenye kiwanja kidogo kabisa aweza kupanda katika viroba vilivyojazwa udongo na samadi.

Na hapa, ndugu msomaji, kuna jambo la kuchekesha. Mchicha, chainizi, karoti, maharage mafupi na viazi mviringo vyote viko chini ya mita moja. Chakula kinachomfaa mtoto zaidi hakikukatazwa hata na ile sheria ndogo ya zamani. Na parachichi, ambalo huupita urefu huo mara kumi, hakuna aliyelikata kwa kosa la kuficha wezi, kwa sababu tunaliita mti.

HOJA ZA WANAOPINGA

Haitakuwa haki nikiwapuuza wanaopinga, maana baadhi ya hoja zao zina uzito.

Wa kwanza husema habari ya mbu. Mbu wa malaria hutaga katika madimbwi ya maji yaliyosimama juani, si katika jani la mhindi. Migomba ni tofauti kidogo, kwani maji yanayobaki kwenye makutano ya jani na shina huweza kulea mbu wa aina nyingine. Na watafiti waliofanya kazi nchini Ethiopia waligundua kwamba unga wa maua ya mahindi ukianguka katika dimbwi huwa chakula cha viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo hoja hii si upuuzi mtupu. Lakini dawa yake ni kufukia dimbwi. Ukikata mahindi ukaacha dimbwi, mbu watabaki. Ukifukia dimbwi ukaacha mahindi, hawatapata pa kuzaliwa. Tena miji hii miwili iko juu, Mbeya kama mita 1,700 na Iringa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na malaria huku ni haba kuliko pwani.

Wa pili husema habari ya uchafu, na huyu namsikiliza kwa makini zaidi. Mboga zinazomwagiliwa maji ya kijito kinachopita kati ya vyoo zaweza kuleta homa ya matumbo na kipindupindu. Samadi mbichi ina vijidudu na minyoo. Lazima irundikwe, ifunikwe, ioze na kupoa kabla ya kutiwa kwenye tuta. Dawa za kuulia wadudu zinazopuliziwa uani hupuliziwa pia nguo zilizoanikwa na mtoto anayecheza. Mama zetu walijua kutumia majivu, na majani ya utupa yaliyopondwa, ingawa utupa nao ni sumu ya samaki, haufai kumwagwa karibu na maji. Banda la nguruwe lililo mita tatu kutoka dirisha la jirani ni udhia, na hakuna sera wala wimbo utakaolifanya linukie.

Wa tatu husema habari ya vyanzo vya maji, naye ana sheria upande wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji. Kwa Iringa jambo hili ni chungu, kwa kuwa Wahehe wana kilimo chao cha asili cha vinyungu, yaani matuta yainuliwayo katika mabonde yenye unyevu ili kupata mboga, maharage na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Kinyungu kimelisha vizazi. Lakini maji ya Ruaha Ndogo yananywewa na mji, na yanaendelea mpaka Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera. Kwa maoni yangu ndiyo sababu hasa ya kumruhusu mwananchi alime uani. Ukimwambia mama aondoke bondeni, na papo hapo ukamwambia asilime nyumbani, umemwacha na soko peke yake, na soko linataka fedha ambayo hana.

WALIOTANGULIA, NA SISI

Majirani zetu wamelitazama jambo hili na kuliandikia. Kampala ilikuwa na sheria ndogo za kilimo cha mjini za mwaka 2006, zikitoa vibali na masharti ya usafi kwa mazao, maziwa, nyama na samaki. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. Na hapa kwetu hatukosi elimu. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya Dick Foeken, Michael Sofer na Malongo Mlozi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, juu ya kilimo katika miji ya Morogoro na Mbeya. Taarifa hiyo ilionesha kwamba wanaolima na kufuga mjini si maskini peke yao. Wenye vyeo na ng'ombe wa maziwa wamo pia. Nami naongeza kwamba panga la sheria likitoka, aghalabu humpata yule asiye na cheo.

Wala hatuna muda wa kungoja. Kwa hesabu za sensa, jiji la Mbeya lilikuwa na watu zaidi ya 385,000 mwaka 2012, na mwaka 2022 zaidi ya 541,000. Manispaa ya Iringa ilitoka 151,000 na ushei ikafika zaidi ya 202,000 katika miaka hiyo hiyo kumi. Viwanja vinagawanywa, nusu ya kiwanja inauzwa, na ua uliobaki unasakafiwa saruji. Ua ukishasakafiwa, mazungumzo yetu haya yatakuwa hayana maana, na maji ya mvua yatakuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, yaani kwa jirani wa chini.

Basi ninapendekeza nini? Ninapendekeza kila halmashauri ya mji iandike kwa Kiswahili chepesi, katika karatasi moja ya kubandikwa kwenye ofisi ya mtaa, kwamba bustani ya uani inaruhusiwa. Kisha itaje yale yanayowagombanisha majirani kwa kweli. Maji ya mvua yasielekezwe kwa mwingine, na penye mteremko matuta yalazwe kuukata. Banda la mifugo liwe mbali na dirisha na kisima kwa hatua zinazojulikana, na samadi ifunikwe. Mnyama asizurure. Maji ya kumwagilia yasitoke kwenye mfereji wa vyoo. Sumu isipuliziwe bila jirani kuarifiwa. Kona za barabara, ambapo dereva lazima aone, zisipandwe mazao marefu. Hapo mita moja ina maana. Mwenye kuvunja haya aonywe kwanza mbele ya balozi au mwenyekiti wa mtaa, na mazao yake yasikatwe kabla hayajavunwa, ila penye hatari kwa maisha ya watu.

Nawe baba unayesoma ukurasa huu huku mkeo akimwagilia, neno moja kwako. Bustani isiwe mzigo mwingine juu ya kichwa cha mama ambaye tayari anachota maji, anapika na kulea. Chimba wewe hayo matuta. Beba samadi. Wape watoto wakubwa tuta lao moja, wajue chakula hutoka wapi. Lengo letu ni mtoto anenepe, na mtoto hawezi kunenepa kwa jasho la mama aliyedhoofika.

Mvua za kwanza za nyanda zetu huanza mwezi wa Novemba. Kabla hazijaanza utaitishwa mkutano wa mtaa wenu, na kwa kawaida tutakwenda wachache, tutasikiliza habari za ulinzi na taka, kisha tutaondoka. Safari hii kaeni mpaka mwisho. Muulizeni mtendaji awasomee sheria ndogo ya halmashauri yenu juu ya kilimo, neno kwa neno, kisha mjadili kama inamsaidia jirani au inampa silaha. Kama ina kasoro, mpeni diwani wenu agizo la kwenda nalo barazani, na jina la atakayefuatilia liandikwe katika muhtasari.